Kumtafuta mwanajeshi wa anga aliyepotea vitani: mtafute pamoja na wenzake

Wengi wanaoanza kazi hii huwa na kitu kimoja tu mkononi. Picha ya kijana mwenye nembo ya bawa kifuani, telegramu iliyokunjwa mara nne, au jina lililochongwa ukutani kati ya maelfu ya majina mengine. Swali lao ni fupi: alikufaje, na wapi? Mwongozo huu unaonyesha njia ya kulijibu, hasa kwa Vita vya Pili vya Dunia, ambavyo hati zake ni nyingi na sehemu yake kubwa inasomeka bure ukijua pa kubisha hodi.

Kosa la kwanza la karibu kila mtu, na mimi nililifanya, ni kumtafuta mtu huyo peke yake. Unaandika jina lake kwenye intaneti, unapata kaburi na mistari mitatu, na njia inaishia hapo. Lakini ndege nyingi za vita ile zilibeba timu. Lancaster ya Uingereza ilikuwa na watu 7: rubani, fundi wa injini, mwongoza njia, mlenga mabomu, mwendesha redio na wapiga bunduki 2. B-17 ya Marekani ilibeba 10, baadaye 9. Kila mmoja wao alikuwa na jalada lake. Kila mmoja alikuwa na mzazi au mke aliyeandika barua kuuliza mpendwa wake yuko wapi. Na wengine walikuwa raia wa nchi nyingine, yenye utaratibu wake wa kutunza karatasi. Jibu unalolitafuta mara nyingi limo kwenye jalada la mwenzake. Kidole kimoja hakivunji chawa, na katika kazi hii msemo huo ni maelekezo kamili.

Hatua ya 1: Andika unachokijua, na aliyekisema

Chukua daftari au jedwali la kompyuta, uweke safu tatu: jambo, limetoka wapi, na liliandikwa lini. Safu ya tatu ndiyo watu huiruka, nayo ndiyo itakayokuokoa baadaye. Barua iliyoandikwa siku mbili baada ya ndege kupotea na simulizi ya mjomba miaka 50 baadaye havina uzito sawa, hata kama mjomba alikuwa mtu mkweli kabisa.

Geuza kila picha uone nyuma yake. Tafuta kitabu cha safari za ndege, ambamo kila mruko ulirekodiwa kwa tarehe, aina ya ndege, namba yake na kazi iliyofanywa. Kama familia inacho, una utajiri. Angalia nishani, lakini ujue kwamba nishani za Uingereza za vita hivyo zilitolewa bila jina, wakati zile za Australia na Afrika Kusini zilichongwa jina na namba ya mwenyewe.

Jambo la kwanza la kutafuta katika karatasi hizo zote ni namba yake ya jeshi. Majina yanafanana, namba hazifanani. Ila kuna mtego: katika jeshi la anga la Uingereza, RAF, askari aliyepandishwa kuwa afisa alipewa namba mpya, kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa na namba mbili. Katika jeshi la anga la Kanada, namba inayoanza na R ni ya askari wa kawaida na inayoanza na J ni ya afisa. Ukikuta Sajini R na baadaye afisa J wenye jina moja, usiwatenganishe haraka. Tarehe ya kupandishwa cheo kwa maafisa wa Uingereza hupatikana kwenye London Gazette, gazeti rasmi la serikali, ambalo matoleo yake ya zamani yote yanatafutika bure mtandaoni.

Hatua ya 2: Soma kaburi, kisha soma makaburi ya jirani

Kwa wanajeshi wa Uingereza na Jumuiya ya Madola, anzia CWGC, tume ya makaburi ya vita iliyoanzishwa mwaka 1917. Kanzidata yake inakupa jina, namba ya jeshi, cheo, tarehe ya kifo, mara nyingi skwadroni, yaani kikosi chake cha ndege, na mahali alipozikwa hadi safu na namba ya kaburi. Wamarekani wako kwenye kanzidata ya ABMC, tume ya Marekani ya makaburi ya vita, lakini kumbuka kwamba baada ya vita familia za Marekani zilipewa hiari ya kurudishiwa mwili nyumbani, kwa hiyo asiyeonekana kwenye makaburi ya ng'ambo huenda amelala karibu na wazazi wake. Wajerumani wanatafutwa kupitia Volksbund, shirika la Ujerumani la makaburi ya vita.

Ukishapata kaburi usifunge ukurasa. Angalia nani amezikwa kushoto na kulia kwake kwa tarehe ileile. Hao ndio wenzake, na tayari una majina ya kufuatilia. Kama kumbukumbu inasema kaburi ni la pamoja, maana yake miili haikuweza kutenganishwa, na hilo lenyewe linakueleza ndege ilivyoanguka. Lipokee kwa utulivu, na kama unamtafutia mtu wa familia, fikiri namna ya kumwambia.

Kwenye ukurasa huohuo wa CWGC mara nyingi kuna picha za hati za zamani, na wageni wengi hawazifungui. Zifungue. Kati yake kuna fomu za kuhamisha makaburi: askari waliozikwa na wanakijiji mahali ndege ilipoanguka walifukuliwa baada ya vita na kupelekwa kwenye makaburi makubwa, na fomu huonyesha walikotolewa. Kijiji kilichoandikwa hapo ndicho kijiji chako cha ajali, au kiko karibu nacho sana. Nimeona watu wakihangaika miezi mingi kutafuta eneo ambalo lilikuwa limepigwa chapa kwenye karatasi hiyo tangu mwanzo.

Wasio na kaburi linalojulikana wameandikwa kwenye minara. Mnara wa Runnymede, nchini Uingereza, una majina zaidi ya 20,000 ya wanajeshi wa anga waliopotea wakitokea vituo vya Uingereza na kaskazini-magharibi mwa Ulaya. Waliopotea kwingine wako kwingine: Alamein kwa jangwa la Afrika Kaskazini, Malta kwa sehemu kubwa ya Mediterania, Singapore kwa Asia ya Mashariki. Kwa hiyo mnara wenyewe ni dokezo la medani aliyopigania.

Tarehe ishughulikie kwa tahadhari. Safari za usiku zilianza siku moja na kuisha siku inayofuata, na maofisi tofauti yalichagua siku tofauti. Ukiona wenzi wawili wa ndege moja wana tarehe zinazopishana kwa siku moja, usidhani ni ajali mbili. Andika daima "usiku wa tarehe 24 kuamkia 25", ndivyo marubani wenyewe walivyoandika. Wamarekani nao hutanguliza mwezi kabla ya siku. Tena saa: kwa muda mwingi wa vita Uingereza ilitembeza saa zake saa 1 mbele ya saa ya Greenwich wakati wa baridi na saa 2 wakati wa kiangazi. Shahidi wa Ujerumani na daftari la Uingereza wanaweza kutofautiana saa nzima huku wote wakisema kweli.

Hatua ya 3: Pata namba ya ndege

Hapa ndipo fundo la kazi lilipo, kwa hiyo usiwe na haraka.

Kila ndege ya kijeshi ilikuwa na namba yake pekee. Za Uingereza zilikuwa na herufi moja na tarakimu nne, kama R5868, au herufi mbili na tarakimu tatu, kama ET574. Zile herufi kubwa zilizochorwa ubavuni sizo namba ya ndege. Herufi mbili zilitaja skwadroni na ya tatu ilitofautisha ndege ndani ya skwadroni, nazo zilibadilika. Lancaster R5868, ambayo leo imesimama kwenye Makumbusho ya RAF mjini London, iliruka ikiwa OL-Q katika skwadroni ya 83, kisha ikawa PO-S katika skwadroni ya 467 ya Australia. Ndege ileile, sura mbili. Na kinyume chake ni kweli: ndege ikipotea, herufi yake ilipewa nyingine. Anayekuambia "babu aliruka na S" bado hajakuambia ni ndege gani hadi ataje na tarehe.

Namba za Marekani zinaanza na mwaka wa bajeti ulioagiza ndege, kisha kistari, kisha mfululizo: 42-68223. Mkiani walichora namba hiyo bila tarakimu ya kwanza na bila kistari, yaani 268223. Ukiona picha ya mkia wenye tarakimu hizo, rudisha ile 4 mwanzoni na utakuwa na namba kamili. Wajerumani walitumia namba ya kiwandani, na orodha zao za hasara zinaitaja mara nyingi pamoja na alama za herufi zilizokuwa pande mbili za msalaba ubavuni.

Sikuichagua 42-68223 kwa bahati. Ni namba ya Lightning, ndege ya upelelezi aliyoondoka nayo rubani na mwandishi Mfaransa Antoine de Saint-Exupéry kutoka Borgo, Corsica, tarehe 31 Julai 1944, asirudi. Kwa miaka mingi kila mtu alikuwa na nadharia yake. Mwaka 1998 mvuvi alinasa wavuni bangili yenye jina lake karibu na Marseille, na wapo waliosema ni ya kughushi. Mwaka 2000 mpiga mbizi alitambua vipande vya ndege chini ya bahari eneo hilo. Vilipopandishwa mwaka 2003, kwenye kipande kimoja ilionekana namba ya kiwandani, 2734, na kumbukumbu za kiwanda ziliiunganisha na 42-68223. Ubishi kuhusu ndege ukaisha. Miaka michache baadaye rubani mmoja wa zamani wa Ujerumani alisema ndiye aliyeitungua, lakini hati za wakati ule hazikuthibitisha madai hayo. Tarakimu nne zilizogongwa kwenye bati zilifanya kazi ambayo simulizi haikuweza.

Utaipata wapi namba hiyo? Kwa Uingereza, ama kwenye daftari la skwadroni ambalo nitalieleza hapa chini, ama kwenye kanzidata za hasara. Kwa walioruka na Bomber Command, kamandi ya ndege za mabomu ya Uingereza, ambayo ilipoteza watu 55,573, kanzidata ya hasara ya International Bomber Command Centre ya Lincoln ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu inaunganisha kila jina na ndege na timu yake. Kwa Wamarekani walioruka wakitokea Uingereza, tovuti ya American Air Museum inaunganisha watu, ndege, vituo na picha.

Hatua ya 4: Daftari la skwadroni

Kila skwadroni ya Uingereza iliandika daftari la shughuli. Yamehifadhiwa National Archives, hifadhi ya taifa ya Uingereza iliyoko Kew, London, katika mfululizo wa AIR 27, na unaweza kuyapakua. Vituo vyenyewe viko AIR 28. Daftari lina fomu mbili, na unazihitaji zote. Fomu 540 ni muhtasari wa siku: hali ya hewa, wageni, shabaha, maneno machache juu ya waliopotea. Fomu 541 inaorodhesha kila mruko: namba ya ndege, majina ya timu, saa ya kuruka, saa ya kutua, na taarifa ya rubani. Kwa ndege iliyopotea, nafasi ya saa ya kutua huwa tupu au ina maneno kwamba haikurudi.

Usiishie kwenye mstari wa ndege yako. Soma taarifa za wote walioruka usiku ule. Mmoja ataandika aliona ndege ikiwaka upande wa kushoto juu ya mto fulani saa 01:42. Mwingine atasema mawingu yalifunga kila kitu hadi pwani. Soma pia siku za kabla yake, ujue timu ilikuwa imeruka mara ngapi pamoja na kama mtu wako alikuwa mgeni aliyejaza nafasi ya mgonjwa. Mambo hayo hayako kwenye jiwe la kaburi, na ndiyo familia huyashika.

Makarani waliyachapa haya wakiwa wamechoka, mara nyingine siku kadhaa baadaye. Tarakimu hupinduliwa, herufi za kwanza za majina hukosewa. Namba ya ndege uliyoiona kwenye daftari pekee ichukulie kuwa ya muda hadi hati nyingine iitaje.

Kama alikuwa rubani wa ndege ya mtu mmoja, wenzake ni wale walioruka naye bawa kwa bawa siku hiyo. Taarifa zao za mapambano ziko AIR 50.

Hatua ya 5: Sasa fungua majalada ya wenzake

Una majina saba. Pangilia kila mmoja kwa uraia wake, maana huo ndio unaoamua mlango wa kubisha.

Mwaustralia akiwemo, anza naye. Majalada ya vifo na kupotea ya jeshi la anga la Australia yamo katika mfululizo wa A705 wa National Archives of Australia, na mengi yamepigwa picha na yanasomwa bure popote ulipo. Humo utakuta telegramu, barua za wazazi, maelezo ya walionusurika waliporudi kutoka kifungoni, na ripoti ya wachunguzi waliokwenda kijijini baada ya vita. Ripoti hiyo inahusu timu nzima, si Mwaustralia peke yake. Niliwahi kufuatilia fundi wa injini Mwingereza ambaye sikuwa na lolote juu yake zaidi ya jina. Maelezo ya kaburi lake la kwanza, yenye hata jina la kasisi aliyewazika, yalikuwa kwenye jalada la mpiga bunduki wa nyuma, upande wa pili wa dunia.

Wakanada waliofia utumishini wana majalada yao Library and Archives Canada, nayo yamewekwa mtandaoni. Wanyuzilandi tafuta kwenye Online Cenotaph ya makumbusho ya Auckland. Waingereza ni wagumu zaidi, lakini mambo yanabadilika: majalada ya idara ya waliopotea, yaliyopangwa ndege kwa ndege, yanafunguliwa hatua kwa hatua katika mfululizo wa AIR 81 kuanzia Septemba 1939, na tangu 2022 Wizara ya Ulinzi imekuwa ikihamishia kumbukumbu binafsi za utumishi kwenda National Archives.

Kwa Wamarekani, hati kuu ni ripoti ya MACR, iliyoanza kutumika mwaka 1943 kwa kila ndege iliyopotea kwenye operesheni. Ni hati ya thamani kubwa. Inataja timu yote na anwani za ndugu zao, mashahidi walioiona ndege mara ya mwisho, mara nyingi ramani, na pia namba za injini na za bunduki. Kipande cha injini kilichofukuliwa shambani miaka 80 baadaye kinaweza kutambulika kwa ripoti hiyo. Pamoja nayo omba jalada la marehemu, IDPF, lenye habari za mazishi na utambuzi wa mwili. Jalada la utumishi lenyewe huenda halipo tena: moto wa tarehe 12 Julai 1973 katika kituo cha kumbukumbu cha St. Louis uliteketeza kati ya milioni 16 na 18 ya majalada, yakiwemo takriban asilimia 80 ya yale ya jeshi la nchi kavu ya 1912 hadi 1960. Jeshi la anga la Marekani lilikuwa sehemu ya jeshi hilo wakati wa vita, kwa hiyo waliathirika. Ukijibiwa kwamba jalada limeungua, usikate tamaa. MACR na IDPF hazikuwa humo.

Hatua ya 6: Uliza upande wa pili, na uliza ardhi ilikoangukia

Ndege ikianguka katika nchi iliyokaliwa na Ujerumani, Wajerumani waliandika: mahali, saa, walioshikwa, waliozikwa. Sehemu ya karatasi hizo zilitekwa na Wamarekani na ziko kwenye hifadhi yao ya taifa. Kumbukumbu za hasara za askari wa Ujerumani, zilizokuwa zikitunzwa na ofisi maalumu mjini Berlin, ziliingizwa kwenye Bundesarchiv, hifadhi ya taifa ya Ujerumani, mwaka 2019.

Waliotekwa waliacha alama pia. Kadi za Kijerumani za mateka ziko Kew katika WO 416, na maswali waliyoulizwa mateka baada ya kuachiwa yako WO 344. Aliyenusurika mmoja akieleza nani aliruka kwa mwavuli na nani alibaki ndani, ameeleza kifo cha wengine wote.

Nchi ilikoangukia ndege huwa na watu walioifanya kazi hii kwa miaka mingi na kwa moyo. Uholanzi ina rejista ya hasara ya kikundi cha SGLO, inayoorodhesha ndege zilizoanguka humo. Denmark ina tovuti ya airmen.dk, Ufaransa ina Francecrashes39-45. Waandikie kwa adabu, ukiwapa kwanza ulichonacho kabla ya kuomba. Andika kwa lugha yao hata kama ni kwa msaada wa programu ya kutafsiri. Barua fupi yenye tarehe, namba ya ndege na jina la kijiji itajibiwa kabla ya kurasa tatu za historia ya familia.

Baada ya vita jeshi la anga la Uingereza lilituma wachunguzi kote Ulaya na kwingineko kutafuta zaidi ya watu 41,000 waliopotea. Walihoji mameya, makasisi na wachimba makaburi, na walifungua makaburi kutafuta alama ya nguo, pete au namba. Ripoti zao ndizo mara nyingi utakazokutana nazo ndani ya majalada ya hatua ya 5. Zisome kwa heshima, nazo ni ngumu kusoma.

Hatua ya 7: Kama hakufia vitani

Maelfu walikufa mafunzoni, kwenye ukungu, mlimani, au injini ikizimika wakati wa kuruka. Hawa hawamo kwenye orodha nyingi za hasara za mapambano, na watafiti huwakosa kwa sababu hiyo tu. Kwa Uingereza, tafuta kadi za ajali za fomu 1180 kupitia Makumbusho ya RAF, ambayo pia ina kadi za fomu 78 zinazoonyesha ndege ilihamishwa wapi na lini. Kwa Marekani kuna ripoti za ajali zilizo kwenye fomu 14, nakala zake zikitunzwa na kituo cha historia cha jeshi la anga, Maxwell, Alabama. Magazeti ya wilaya ya siku hizo yanasaidia pia, ingawa udhibiti wa vita uliyabana na mengi yasemayo ni "mahali fulani".

Hatua ya 8: Tenga kilichoonekana na kilichodhaniwa

Tarehe 4 Aprili 1943, B-24 iliyoitwa Lady Be Good iliruka kutoka Soluch, Libya, kwenda kushambulia Naples. Haikurudi. Usiku ule timu iliomba mwelekeo kwa redio, na baada ya hapo kimya. Waliobaki walidhani imeanguka Mediterania, wakatafuta baharini. Mwaka 1958 watafutaji mafuta waliiona kutoka angani, imelala jangwani, mamia ya kilomita kusini mwa kituo chake. Watu 9 walikuwa wameruka kwa miavuli gizani, na waliokutana walitembea siku kadhaa wakielekea kaskazini. Shajara iliyopatikana pamoja na miili yao inaeleza walivyogawana maji.

Hakuna aliyesema uongo mwaka 1943. Lakini "inaaminika imeanguka baharini" iliandikwa, na baada ya muda neno "inaaminika" likasahaulika. Kila unaponakili hati, nakili na maneno ya shaka yaliyomo. Kwenye jedwali lako la hatua ya 1 ongeza safu ya nne: aliona, aliambiwa, au alikisia. Jambo usilihesabu kuwa limethibitika hadi lisimame kwenye hati mbili ambazo hazikunakiliana, na hilo ni kubwa zaidi mtandaoni, ambako tovuti kumi zinaweza kuwa zinarudia kosa la mtu mmoja.

Hatua ya 9: Mahali penyewe

Ukifika hapa utatamani kwenda. Nenda, lakini usichimbe. Nchini Uingereza sheria ya mwaka 1986 ya kulinda mabaki ya kijeshi inalinda kila ndege ya kijeshi iliyoanguka, bila kujali kama eneo limetangazwa. Kuchimba bila leseni ya Wizara ya Ulinzi ni kosa, na kwa kawaida leseni haitolewi panapodhaniwa kuna miili au mabomu yasiyolipuka. Marekani inadai ndege zake zilizozama popote duniani, kwa sheria ya mwaka 2004. Nchi nyingine zina masharti yao; uliza serikali ya mtaa na mwenye shamba kabla ya kukanyaga.

Risasi na mabomu ya wakati ule bado yanaua. Saa na vipimo vya ndege vilipakwa rangi ya radiamu inayong'aa gizani, nayo bado ina mionzi. Usivichukue wala usivikwangue. Ukiona mfupa, simama, usisogeze kitu, weka alama ya mahali, na waite polisi. Piga picha za namba zilizogongwa kwenye bati ukiwa umeweka rula kando yake, zikiwa palepale zilipo.

Hatua ya 10: Kumrudishia jina

Ukiwa na hati za kutosha, rudi makaburini uangalie tena safu ile ya wenzake. Mara nyingine mwisho wa safu pana jiwe lisilo na jina, lililoandikwa tu kuwa ni la mwanajeshi wa anga wa vita vya 1939 hadi 1945, labda na cheo au tarehe. Huenda ni yule mmoja wa timu ambaye jina lake liko Runnymede.

CWGC hupokea hoja za namna hiyo, na uamuzi hufanywa na mamlaka za kijeshi za nchi yake. Hawatapokea hisia. Orodhesha kila mwanajeshi wa anga aliyepotea katika eneo lile kwa tarehe zile, mwenye cheo kile na wa jeshi lile, kisha mwondoe mmoja mmoja kwa hati: huyu alizikwa kwingine, huyu ndege yake ilianguka baharini mbele ya mashahidi, huyu alitekwa. Ambatisha ripoti za wachunguzi, fomu za kuhamisha makaburi na kurasa za daftari, kila moja na namba yake ya hifadhi. Akibaki mmoja tu, peleka. Majibu huchukua muda mrefu, wakati mwingine miaka. Wakikubali, jiwe la zamani huondolewa, jipya lenye jina huwekwa, na ndugu huitwa kusimama mbele yake. Waalike na ndugu za wale sita wengine. Anwani zao tayari unazo.